Kutoka 69 Hadi 70: Namna Unavyopimwa Ukisoma Uhandisi wa Umeme

Kidato cha nne A ilianzia 75, kidato cha sita ikapanda hadi 80. Sasa umefika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, unaambiwa A ya huku ni 70 tu. Wengi hucheka. Hucheka mpaka siku jaribio la kwanza la saketi linaporudishwa, darasa limejazana kwenye arobaini na hamsini, na yule kijana aliyekuwa wa kwanza shuleni kwao anaigeuza karatasi kutazama kama kuna alama nyingine zimeandikwa nyuma.

Mdogo wangu uliyepangiwa uhandisi wa umeme, alama hizi zimeniliza nikiwa mwanafunzi, kisha nikakaa upande wa pili nikiwa mkufunzi msaidizi, kalamu nyekundu mkononi na rundo la karatasi mbele yangu. Nilichokiona kote kuwili ni kwamba wengi hawaangushwi na umeme. Wanaangushwa na hesabu ya kujumlisha na kuzidisha ambayo hakuna anayewafundisha: alama inatoka wapi, ina uzito gani, na ipi haistahili kukukosesha usingizi. Nitatumia vipimo vya Mlimani. Vyuo vingi vilivyo chini ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, vina vipimo vinavyofanana navyo. Pale chuo chako kinapotofautiana, kitabu cha kanuni za mitihani ndicho chenye neno la mwisho. Kisome. Watu hawakisomi, halafu wanashangazwa na mambo yaliyoandikwa mle waziwazi.

Ngazi ya herufi

Kila kozi huishia kwenye herufi. Kuanzia 70 ni A, yenye pointi 5. Kuanzia 60 ni B+, pointi 4. Kuanzia 50 ni B, pointi 3. Kuanzia 40 ni C, pointi 2, na hapo ndipo mstari wa kufaulu ulipo. Kati ya 35 na 39 ni D, pointi 1: umekosa padogo, lakini umekosa. Chini ya hapo ni E, sifuri.

(Ukiwa na binamu anayesoma Nairobi, mtabishana bure. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kinaanza A kwenye 70, ila 60 hadi 69 wanaiita B, na 50 hadi 59 wanaiita C. C yake ni B yako. Ulizaneni alama kwanza, herufi baadaye.)

Itazame tena ngazi hiyo. Aliyepata 60 na aliyepata 69 wote wana pointi 4. Zile alama tisa alizomzidi mwenzake hazikumnunulia kitu. Aliyepata 70 ana 5. Ama mguu umefika kwenye kipandio ama haujafika, na mfumo hauulizi ulibakiza sentimita ngapi. Ndiyo maana alama moja ya ripoti ya maabara uliyoidharau mwezi wa pili inaweza kuwa na thamani kuliko swali zima ulilolikeshea mwezi wa saba.

Halafu kuna uzito. Kozi hupimwa kwa krediti, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi yako yote, darasani, kwenye semina, maabara na msuli, yaani kujisomea, wa usiku. Kozi ya krediti 12 inadai saa 120. Digrii ya miaka minne inataka krediti zisizopungua 480. Ili kupata GPA unazidisha pointi za kila kozi kwa krediti zake, unajumlisha, unagawanya kwa jumla ya krediti.

Tuchukue semista ya mwanafunzi wa kubuni. Saketi, krediti 12, kapata A: 60. Hesabu, krediti 12, B+: 48. Kompyuta, krediti 12, B+: 48. Michoro ya kihandisi, krediti 8, B: 24. Stadi za mawasiliano, krediti 8, A: 40. Karakana, krediti 8, A: 40. Jumla ni 260 kwa krediti 60, yaani 4.33.

Sasa tazama madaraja ya digrii: 4.4 hadi 5.0 ni daraja la kwanza, 3.5 hadi 4.3 la pili la juu, 2.7 hadi 3.4 la pili la chini, 2.0 hadi 2.6 ni pasi. Mwanafunzi wetu amesimama mlangoni mwa daraja la kwanza bila kuingia. Angepandisha michoro kutoka B hadi B+, angekuwa na 268, GPA 4.47, na angekuwa ndani. Michoro! Somo ambalo wavulana wa umeme huliona la watu wa majengo. Na kwa kuwa madaraja yameandikwa kwa desimali moja, uliza mapema kama chuo chako kinakata desimali zinazobaki au kinakaribisha, maana kwenye chuo kinachokata, 4.39 ni 4.3 na hakuna wa kumlilia.

Hesabu nyingine, hii ya kutuliza moyo. Krediti 480 mara pointi 5 ni 2,400. Daraja la kwanza linahitaji 2,112. Kwa hiyo unaruhusiwa kupoteza pointi 288 kwa miaka yote minne. B+ katika kozi ya krediti 12 inakula pointi 12. B inakula 24. C inakula 36. Kama kozi zako zote zingekuwa za krediti 12, yaani kozi 40, ungeweza kupata B+ katika 24 na A katika 16 tu, ukahitimu na 4.4 kamili. Watu wanadhani daraja la kwanza ni la wenye A tupu. Linaweza kuwa la mtu ambaye zaidi ya nusu ya kozi zake ni B+, mradi asiwe na C za kutosha kumtoboa mfuko. Na mwaka wa kwanza unahesabika sawa na wa nne, kwa hiyo mfuko unaanza kutoboka ukiwa bado unatafuta jengo la semina.

Kama una ndoto ya kubaki chuoni kufundisha, matangazo ya nafasi za mkufunzi msaidizi katika vyuo vya umma huandika angalau 3.8. Fahamu tu kwamba hiyo ni hesabu ya miaka minne. Mwaka wa mwisho peke yake haukuokoi.

Arobaini kabla ya sitini

Mlimani, kwa kozi ya kawaida, 40 kati ya 100 zinatoka ndani ya semista na 60 zinatoka kwenye mtihani wa mwisho, ambao kila mtu anauita UE. Zile 40 ndizo kosiweki: majaribio, mazoezi ya nyumbani, kazi za kundi, maabara. Mgawanyo wake uko kwenye muhtasari wa kozi unaotolewa wiki ya kwanza, siku ambayo nusu ya darasa bado iko kwenye foleni ya usajili au inaulizia bumu, pesa ya mkopo, limefika wapi. Usiukose. Mwalimu mmoja hutoa 10 kwa maabara, mwingine 15. Mmoja ana majaribio mawili, mwingine anatoa vijaribio vya kushtukiza. Kitu cha kwanza unachokiandika kwenye daftari la kozi kiwe mgawanyo huo.

Faida ya kosiweki ni kwamba unaijua kabla ya UE. Chukua alama zako, fanya utoaji mdogo tu. Una 31 kati ya 40? Ukitaka A unahitaji 39 kati ya 60, yaani asilimia 65 ya mtihani. Hiyo ni kazi ya mtu wa kawaida aliyejiandaa. Una 22? A inataka 48 kati ya 60, asilimia 80. B+ inataka 38. Kufaulu tu kunataka 18. Weka kozi zako zote kwenye karatasi moja namna hiyo na utaona wapi usiku wako unalipa. Kozi ambayo una uhakika wa 63 na 70 iko mbali, ipe haki yake na uondoke. Kozi iliyokaa 67 au 68 kwa makadirio, hiyo lala nayo.

Nilikuwa nawaona wanafunzi wanarudia somo wanalolipenda, lile ambalo tayari wana 75 mkononi, kwa sababu linawapa raha. Raha ni nzuri, ila 75 na 90 ni A moja.

Maabara: usipike

Alama za maabara ndizo rahisi kuliko zote kupata, na ndizo zinazochezewa zaidi. Unahudhuria, unaunganisha, unapima, unaandika ripoti, unajibu maswali ya mdomo. Shida inaanza pale kundi la watu watano lina mtu mmoja anayegusa nyaya, wawili wanaoshika simu, na wawili wanaosubiri desa, karatasi za wenzao wa mwaka jana, wanakili majibu.

Msimamizi anajua. Anajua kwa sababu namba za kweli huwa chafu. Rezista ya omu 1,000 yenye mkanda wa dhahabu inaruhusiwa kuwa popote kati ya 950 na 1,050. Ukiniletea vipimo kumi na vyote vimelingana na nadharia hadi desimali ya pili, nimeshajua hukupima chochote.

Kuna jaribio moja dogo nililipenda kwa ajili hii. Chukua rezista mbili za megaomu 10, ziunganishe mfululizo kwenye volti 12, kisha pima volti kwenye moja. Nadharia inasema 6. Kundi linalopika linaandika 6, labda 5.98 ili lionekane limepima. Kundi lililopima kweli linakuja na volti 4 hivi, nyuso zimesawijika, linadhani limeharibu kifaa. Halijaharibu. Multimita nyingi za kidijitali zina ukinzani wa ndani wa megaomu 10 hivi. Ukiiweka sambamba na rezista yako, zile 10 na 10 zinakuwa 5, na volti 12 inagawanywa 10 kwa 5, ndiyo 4 yako. Wanaoandika 4 na kueleza sababu wanaondoka na alama zote. Wanaoandika 4 bila sababu wanapata nyingi. Walioandika 6 wanaitwa pembeni.

Kwa hiyo andika ulichokiona, kisha tumia aya ya majadiliano kueleza kwa nini kinatofautiana na ulichotegemea. Aya hiyo ndiyo yenye uzito, na ndiyo ambayo wengi huijaza sentensi moja kwamba jaribio lilifanikiwa.

Kalamu nyekundu inatafuta nini

Kwenye karatasi ya mtihani, jibu la mwisho lina alama chache kuliko unavyofikiri. Msahihishaji ana mwongozo, na mwongozo umegawa swali vipande vipande.

Chukua swali hili: chanzo cha volti 24, rezista ya omu 6 mfululizo nacho, rezista ya omu 12 sambamba na mzigo wa omu 4. Tafuta mkondo kwenye mzigo kwa kutumia Thevenin. Tuseme lina alama 10: mchoro uliochorwa upya 2, volti ya Thevenin 3, ukinzani wa Thevenin 3, mkondo 2. Volti ni 24 mara 12 gawanya kwa 18, yaani 16. Ukinzani ni 6 na 12 sambamba, yaani 4. Mkondo ni 16 gawanya kwa 8, ampea 2.

Mwanafunzi wa kwanza kasahau kwamba ni sambamba, kajumlisha 6 na 12, kapata 18, na mkondo wake ukawa 0.73. Jibu si sahihi. Lakini kachora, volti yake ni sawa, na hatua ya mwisho kaifanya ipasavyo kwa namba yake mbovu. Mimi ningempa 2, 3, 1 na 2: nane. Mwanafunzi wa pili kaandika katikati ya ukurasa mweupe: ampea 2. Jibu ni sahihi. Ataambulia mbili, pengine moja, na atakuja ofisini kulalamika. Huyo wa pili siku zote ana akili kuliko wa kwanza, na siku zote ndiye anayelia.

Kwa hiyo chora. Andika kanuni kabla ya kutia namba. Weka kizio, maana 2 bila ampea inaweza kuwa embe mbili. Kisha, kama dakika zipo, rudi kwa njia nyingine: omu 12 na 4 sambamba ni 3, ukiongeza 6 ni 9, mkondo wa chanzo ni 24 gawanya kwa 9, volti juu ya mzigo ni 8, na 8 kwa omu 4 ni ampea 2. Nusu dakika, na umeondoka na uhakika.

Muda nao una hesabu yake. Mtihani wa saa 3 wenye alama 100 unakupa dakika 1.8 kwa alama. Swali la alama 20 lina dakika 36. Zikiisha, acha nafasi, nenda swali linalofuata. Alama tano za mwanzo za swali jipya ni rahisi mara nyingi kuliko mbili za mwisho za swali linalokung'ang'ania.

Na kikokotoo. Mwaka wangu wa pili nilipoteza swali zima la nguvu za umeme wa AC kwa sababu kikokotoo kilikuwa kwenye radiani. Kosaini ya nyuzi 30 ni 0.866, kwenye radiani mashine inakupa 0.154, bila haya. Niliandika mota ya kiwandani ina pawa fakta ya 0.154 nikaendelea mbele kama mtu aliyesema jambo la kawaida. Fundi yeyote wa TANESCO angenicheka. Kabla ya kufungua karatasi, piga kosaini ya 60. Isipokuja 0.5, rekebisha.

Logbuku na mradi

Mafunzo kwa vitendo, PT, Mlimani hufanyika wiki 8 mwishoni mwa mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, na yana alama kama kozi nyingine. Hakuna UE hapa. Kuna logbuku yako, ripoti, maoni ya msimamizi wa kule ulikopelekwa, na mwalimu anayekuja kukutembelea. Logbuku iandike siku ileile. Mwalimu anaitambua iliyoandikwa yote usiku mmoja kwa kalamu moja na mwandiko usiobadilika. Wakikupeleka kituo cha kupozea umeme, chora mstari mzima kutoka laini inayoingia, swichi, transfoma ya kilovolti 132 kwa 33, hadi fida zinazotoka, ukiandika namba ulizozisoma kwenye vibao vya mashine. Mchoro mmoja wa namna hiyo unazidi kurasa tano za "leo tulifanya usafi na matengenezo". Tabia hiyo utaihitaji tena: ukihitimu, mpango wa SEAP wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi ni miaka mitatu ya mafunzo kazini, na kumbukumbu za kazi huandikwa vilevile.

Mradi wa mwaka wa nne ni habari ndefu. Nitasema moja tu: chagua kitu ambacho kikikataa kuwaka siku ya kuwasilisha, bado una vipimo vya kuonyesha. Jopo halikasirishwi na kifaa kilichogoma. Linakasirishwa na mtu asiyeweza kueleza kwa nini kimegoma.

Sapu na ndugu zake

Ukipata D au E unafanya mtihani wa marudio, sapu, wakati wa likizo kabla ya mwaka mpya kuanza. Jambo ambalo wengi hugundua wakiwa wamechelewa ni kwamba sapu haizidi C. Ukiipiga ukapata 85, karatasi ya matokeo inasema C, pointi 2. Katika kozi ya krediti 12 hiyo ni 36 kutoka kwenye zile 288 zako. Ukishindwa na sapu, somo utalibeba mwaka unaofuata juu ya masomo ya mwaka huo, na GPA ikishuka chini ya mstari uliowekwa na chuo, unadisko, yaani unaondolewa chuoni. Usisikilize hadithi za bweni kuhusu mstari huo. Upo kwenye kitabu cha kanuni, ukurasa unaonekana.

Ukiumwa siku ya mtihani, nenda zahanati ya chuo na utoe taarifa kabla mtihani haujaanza. Mwenye karatasi ya daktari na ruhusa huandikiwa kwamba hajakamilisha, na atakapofanya mtihani atahesabiwa alama zake kamili. Aliyejikaza akaingia anaumwa, akaandika kurasa mbili akatoka, amefeli kama wengine.

Kagua kabla ya UE

Kosiweki hubandikwa ubaoni au kuwekwa kwenye mfumo kabla ya mitihani ya mwisho. Siku hiyo nenda na karatasi zako zote zilizosahihishwa, uhesabu mwenyewe. Jumlisha upya alama za kila swali, maana wasahihishaji nao huchoka, na kuna kurasa za nyuma ambazo hazifunguliwi. Ukiona kosa, mfuate mwalimu wa kozi ana kwa ana, kwa adabu, na karatasi mkononi. Matokeo ya UE yakishatangazwa kuna utaratibu wa rufaa, lakini una muda wake, fomu yake na mara nyingi ada yake, na ni mzito kuliko kugonga mlango wa ofisi wiki mbili mapema.

Kwenye chuo nilichosoma mimi, ambacho sikitaji, nilikuta ripoti zangu mbili za maabara zimeandikwa sifuri. Zilikuwa zimesahihishwa na kusainiwa. Nilizihifadhi kwenye bahasha ya kaki chini ya godoro. Nilizipeleka, na baada ya siku mbili alama zikaingizwa. Mwenzangu wa kundi tuliyefanya naye majaribio yaleyale naye alikuta sifuri zilezile, ila karatasi zake alishazitupa tulipohama chumba. Alimaliza kozi ile na 68.